Acheni Kutafsiri "Ue De" Kuwa "Baada Ya"!



Najua niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Itakuja. Leo nina dukuduku nililolilalia kwa majuma matatu, na nisipolitoa litanikaba koo.

Dukuduku lenyewe ni hili: sisi wasemaji wa Kiswahili tunaojifunza Kijapani tunaingilia mlango wa nyuma. Tunakichukua Kijapani, tunakipitisha kwenye Kiingereza, halafu kile kinachobaki ndicho tunachokitia vichwani kwa Kiswahili. Nitaonyesha kwa muundo mmoja tu wa sarufi ya kiwango cha kati, ta ue de (〜た上で), jinsi tabia hiyo ilivyonigharimu mimi na ilivyomgharimu mwenzangu zaidi. Na ninasema mapema ninachokitetea ili tusichoshane: muundo huu hauna maana ya "baada ya". Maana yake inakaa karibu kabisa na neno letu "ndipo". Anayekufundisha "baada ya" anakupoteza, hata kama mwalimu huyo ni daftari langu mwenyewe la mwaka jana.

KWANI KIJAPANI CHA NINI?

Naulizwa swali hili kila mara hapa Bamburi, kana kwamba nimejiunga na dini mpya. Jibu langu huwa: panda gari. Magari mengi ya mitumba yanayoteremshwa bandarini kwetu yanatoka Japani, na mengine huja na sauti zake. Dereva akizungusha ufunguo tu, mwanamke asiyeonekana anasema: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Yaani, kadi ya ETC haijatiwa. Hiyo ni kadi ya kulipia barabara kuu za Japani, barabara ambazo gari hilo halitazikanyaga tena maisha yake yote. Kuna dereva mmoja wa matatu ya Mtambo ambaye kila asubuhi humwitikia, "Haya mama, nimesikia," kisha anaondoka zake.

Si magari tu. Daraja la Nyali tunalolivuka kwenda mjini lilijengwa na Wajapani, likafunguliwa mwaka 1980. Kituo cha pili cha makontena bandarini Mombasa, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika 2016, kilijengwa kwa mkopo wa Japani. Kijapani kimetuzunguka, ila hatukisomi. Mimi kilinifikia kwa njia ya kazi. Ninaandika programu, wateja wengine wako kule, na wengi wao huandika barua pepe kwa lugha yao. Kwa hiyo nilikaa chini nikajifunza. Na ndipo nilipojiumiza.

USIKU WENYEWE

Rafiki yangu mmoja, mtengenezaji programu kama mimi, alinitafutia kazi kwa mteja wake wa Japani. Kazi ilikuwa kuhamisha rekodi za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Rekodi zilitolewa kama faili za maandishi, faili moja kwa kila mteja. Tulipofika mwisho, yakaja maagizo haya:

Dēta o kakunin shita ue de, furui fairu o sakujo shite kudasai.

Maneno yote nilikuwa nayajua. Dēta ni data. Kakunin suru ni kukagua na kuhakikisha. Furui fairu ni faili za zamani. Sakujo suru ni kufuta. Na daftari langu, nililolinakili kutoka kwenye orodha moja ya Kiingereza, liliandika waziwazi: ta ue de = baada ya. Basi nikasoma: "Baada ya kukagua data, futa faili za zamani."

Ilikuwa saa saba usiku. Nikaandika mstari huu nikaenda kulala:

diff -r zamani mpya > ripoti.txt ; rm -r zamani

Kwa wale wasiojua Unix: amri ya kwanza inalinganisha folda mbili na kuandika tofauti zake kwenye faili ya ripoti. Amri ya pili inaifuta folda ya zamani, na haiulizi mara mbili. Katikati yake kuna nukta mkato. Kazi ya nukta mkato ni kusema "maliza hiyo, halafu fanya hii." Haijali ile ya kwanza imeona nini. Imemaliza? Imemaliza. Twende.

Asubuhi nikafungua ripoti. Faili 212 zilikuwa na tofauti. Maagizo ya wateja yalikuwa yamekatika mwishoni wakati wa kuhamishwa. Na folda ya zamani, iliyokuwa na maagizo yote kamili, haikuwepo tena.

Mteja hakunitukana. Aliuliza swali moja: matokeo ya ukaguzi yalikuwaje kabla hujafuta? Nikakosa la kujibu, kwa sababu kwa akili yangu ya usiku ule matokeo hayakuwa sehemu ya maagizo. Niliambiwa nikague, nikakagua. Niliambiwa baadaye nifute, nikafuta. Kwa utaratibu huohuo.

Nakala ya akiba iliyokuwepo ilikuwa ya siku tisa nyuma. Zile siku tisa tulizirudisha kwa mkono, agizo moja baada ya jingine, tukisoma barua pepe za zamani. Mimi nilisamehewa kwa kuwa nilikuwa mgeni. Rafiki yangu, ambaye ndiye aliyenidhamini, hakupewa awamu iliyofuata ya kazi. Ana watoto wawili na kodi ya nyumba. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Msomaji wa Unix ameshaona dawa. Ni kubadilisha alama moja tu:

diff -r zamani mpya > ripoti.txt && rm -r zamani

Amri ya diff ikikuta folda zinafanana hurudisha sifuri, yaani "salama". Ikikuta tofauti hurudisha moja. Na && huendelea na amri ya pili pale tu ya kwanza iliporudisha sifuri. Ningeandika hivyo, faili zingekuwepo hadi leo.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ilipo hoja yangu. Tofauti ya ; na && ninaijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Niliandika, kwa sababu kichwani mwangu palikuwa na "baada ya". Mteja hakuniandikia "baada ya".

UE DE NI NINI HASA?

Tuanze na herufi zenyewe. 上 husomwa ue, na maana yake ni "juu". De ni kiambishi kinachoonyesha, pamoja na mengine, mahali tendo linapofanyikia. Ta ni umbo la tendo lililokamilika. Ukiviunga neno kwa neno unapata kitu kama "juu ya kukagua kulikokwisha kufanyika, futa." Tendo la kwanza ni sakafu. Tendo la pili linasimama juu ya sakafu hiyo.

Lifikirie Daraja la Nyali. Barabara ya juu iliwekwa baada ya nguzo, hilo ni kweli. Lakini ukimweleza mtu kwamba barabara iko "baada ya" nguzo hujamweleza daraja. Iko juu ya nguzo. Nguzo zikiwa mbovu, barabara haina pa kukaa, hata kama tarehe zote za ujenzi zilifuatana sawasawa.

Vitabu vingi vya kujiandaa na mtihani wa JLPT huuweka muundo huu ngazi ya N2, ya pili kutoka juu katika zile ngazi tano zilizopo tangu 2010. Kanuni zake si nyingi:

1. Kitenzi cha kwanza huwa katika umbo la ta: yonda ue de, sōdan shita ue de. Nomino huchukua no: go-kakunin no ue. Katika barua rasmi ile de mara nyingi huachwa.

2. Matendo yote mawili ni ya kukusudia, na kwa kawaida mtendaji ni mmoja. Huwezi kusema "Ame ga futta ue de" kwa mvua iliyonyesha, kwa sababu mvua hainuii chochote.

3. Tendo la pili huwa uamuzi, ombi, au hatua yenye uzito. Ni lugha ya ofisi, mikataba na maamuzi ya familia. Hutasema umepiga mswaki ue de ukalala, labda kama kulala kwako kunahitaji kibali.

Sasa uwaweke ndugu watatu pamoja:

-te kara: hufuatanisha tu, kwa mazungumzo ya kila siku. Te o aratte kara tabemasu. Ninanawa mikono kisha ninakula.

-ta ato de: huonyesha wakati. Ame ga futta ato de dekaketa. Nilitoka baada ya mvua kunyesha. Huyu ndiye "baada ya" wa kweli! Mvua inaruhusiwa hapa.

-ta ue de: hujenga. Ryōshin to sōdan shita ue de, o-henji shimasu. Nitashauriana na wazazi kwanza, ndipo niwape jibu.

Wajapani wana ndugu watatu, kila mmoja na kazi yake. Orodha yangu iliwapa wote watatu shati moja lililoandikwa "baada ya" na kuwatuma kazini. Ni kama kumwita fundi umeme, fundi bomba na seremala kwa jina "fundi" tu, halafu ushangae maji yanatoka kwenye soketi.

Na kama bado una shaka, chukua shōchi no ue de. Shōchi ni kulijua na kulikubali jambo. Mtu akifanya kitu "kiken o shōchi no ue de", amekifanya hali akijua hatari yake. Sasa jaribu kutia "baada ya" hapo: "alifanya baada ya kujua hatari". Umeiua sentensi. Mjapani hazungumzii saa. Anasema kwamba ule ujuzi uko chini ya kitendo, umekibeba, na kwa hiyo mtendaji hana kisingizio.

(Tahadhari ndogo kabla hamjanivamia: kuna majirani wanaofanana naye. Ue ni ni "zaidi ya hayo". Ta ue wa ni "maadamu imeshakuwa hivyo". Na kitenzi kikiwa hakijakamilika, yaani -ru ue de, maana inakuwa "katika kufanya jambo fulani". Hao tutawashughulikia siku nyingine.)

MAMA YANGU NA MCHUZI WA NAZI

Sikuyaelewa haya kitabuni. Niliyaelewa jikoni.

Siku mbili baada ya msiba wa faili nilikuwa nimekaa mlangoni kwa mama, sina raha. Mama yangu hajui seva wala Japani, lakini alitaka kujua kilichomsibu mwanawe. Nikamweleza kwa lugha nyepesi: niliambiwa niangalie vitu kisha nitupe vya zamani, nikaangalia, nikatupa, kumbe havikuwa sawa. Akanitazama huku anakuna nazi.

"Wewe uliambiwa uonje mchuzi kwanza, ndipo utie chumvi. Ukaonja, ukasikia chumvi imezidi, ukatia tena kwa sababu uliambiwa utie. Sasa ulionja ya nini, mwanangu?"

Jamani. Miaka yote ya chuo, daftari tatu za Kijapani, na jibu lilikuwa kwenye mbuzi ya nazi.

Zisikilizeni sentensi mbili hizi:

(a) Baada ya kuonja mchuzi, tia chumvi.
(b) Onja mchuzi kwanza, ndipo utie chumvi.

Hakuna mtu wa Pwani, hata mtoto wa darasa la nne, atakayekuambia hizi ni sawa. Ya kwanza ni ratiba: onja, tia chumvi, funika. Ya pili inakuambia kwamba ulimi wako ndio utakaoamua chumvi itiwe kiasi gani, au isitiwe kabisa. Ile ya kwanza ni. Na hii ya pili ni ta ue de.

Mnaona sasa kwamba hata && haitoshi? Kuonja si kufaulu au kufeli. Kushauriana na wazazi hakurudishi sifuri. Kinachotoka kwenye tendo la kwanza kinaingia kwenye la pili na kulibadilisha. Kwa hiyo ue de ina damu ya && na damu ya bomba, ile alama ya | inayochukua matokeo ya amri moja na kuyamimina kwenye nyingine. (Najua, wajuzi: bomba huziendesha amri zote kwa pamoja, kwa hiyo mfano wangu unachechemea. Ndiyo maana nasema mama yangu amewashinda waliounda Unix.)

Nenda kwenye posa uone. Wageni wamekuja, wamesema yao, wamekunywa kahawa. Mzee wa upande wa bibi arusi hawaambii "tutawajibu baada ya kikao". Anasema, "Tumewasikia. Tupeni nafasi tukae na wenzetu, ndipo tuwape jibu." Kila aliyekaa mkekani anaelewa kwamba jibu bado halijazaliwa, na kwamba litazaliwa ndani ya kikao hicho. Mfasirie Mjapani maneno hayo, atakurudishia ta ue de bila kukuna kichwa.

PO NI MAHALI!

Hapa ndipo palinishangaza zaidi. Lichambueni neno lenyewe: ndi-po. Po ni kiambishi cha mahali. Hapo, palepale, alipo, nilipokaa. Ndipo kwa asili ni "ni hapo". Ukisema "onja, ndipo utie chumvi", unamwonyesha mtu pa kusimama: hapo, kwenye kuonja, ndiko utakakotilia chumvi.

Na ue ni nini? Mahali. De je? Mahali.

Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja imekulia kwenye visiwa vya Japani na nyingine kwenye mwambao huu, zote mbili zilipotaka kusema "tendo hili limebebwa na lile" zilichukua neno la mahali. Na katikati yake tumemsimamisha dalali, yaani neno la saa. Baada. Halafu tunashangaa bidhaa ikifika imevunjika.

Nitakuwa mkweli: ndipo na ue de si pacha. Ndipo yetu ina mikono mirefu zaidi. Twaweza kusema "Mvua iliponyesha ndipo tukapanda", na Mjapani atakataa kutumia ue de hapo kwa sababu ya mvua isiyonuia. Lakini hata hilo tunalo dawa. Kusudi kwetu huja kwa kile kiishio cha -e: utie, niamue, tuwape, nifute. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na mnaruhusiwa kuinakili:

kwanza (au -kisha-) + ndipo + kitenzi chenye -e = ta ue de

Isome kwanza, ndipo utie sahihi. Ukishaikagua, ndipo uifute. Nishauriane na wenzangu, ndipo niamue. Zigeuze zote kuwa Kijapani kwa ue de, zitakaa vizuri. Na ukikuta sentensi ya ue de ambayo haiingii humo, mfano ile ya shōchi, jaribu "hali akijua" au "kwa msingi huo". Mpaka sasa sijakutana na hata moja ambayo "baada ya" iliitafsiri vizuri kuliko hizi.

NAWAJIBU KABLA HAMJASEMA

"Unakuza mambo. Mtu mwenye akili angesoma ripoti kabla ya kufuta, hata angeambiwa vipi." Kweli kabisa. Uzembe ni wangu na sitamsukumia mtunga orodha. Lakini maagizo huandikwa kwa ajili ya mtu aliyechoka saa saba usiku. Mtu aliyelala vizuri hahitaji sana maagizo. Mwandishi wa barua ile aliliweka lile kufuli makusudi, ndani ya sarufi yenyewe. Mimi nililivunja wakati wa kutafsiri, bila kujua kwamba lilikuwepo. Na fikirieni ni wapi muundo huu unaishi: kwenye mikataba, kwenye masharti ya kutumia programu, kwenye fomu za kukubali jambo. Hapo si mahali pa kubahatisha.

"Kiingereza nacho kina njia ya kulisema hilo." Kinayo, tena zaidi ya moja. Sina ugomvi na Kiingereza. Ugomvi wangu ni na orodha za neno moja kwa neno moja, na sisi tunaozimeza. Mwalimu mzuri anayefundisha kwa Kiingereza atakufikisha, lakini atakuzungusha. Mbona mtu wa Bamburi anayekwenda Kiembeni apande matatu hadi mjini, avuke feri ya Likoni, kisha arudi, wakati Kiembeni iko mgongoni mwake?

"Kiswahili hakina istilahi za kueleza sarufi kama hiyo." Istilahi gani? Mama alitumia istilahi gani? Kuonja na chumvi. Wazee waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakusema "mtaka cha mvunguni hukichukua baada ya kuinama". Walijua tofauti ya kufuatana na kutegemeana zamani sana, kabla hata ya kompyuta ya kwanza kuwashwa.

Tena nitawaambia jambo litakalowauma. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka kilikuwa kikifundisha Kiswahili, na mwaka 2007 kilipounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka, Kiswahili kiliendelea humo. Kijana wa Kijapani anaweza kukaa pale akaelezwa -ki-, -ka- na ndipo kwa lugha ya mama yake, bila kupitia kwa mtu wa tatu. Hakuna anayemwambia Kijapani hakifai kuelezea Kiswahili. Na upande wa pili, shirika la NHK la Japani limetoa masomo ya Kijapani cha kuanzia yaliyoelezwa kwa Kiswahili. Kumbe njia ya moja kwa moja ipo na inapitika pande zote mbili! Ni sisi wenyewe ambao tukishavuka salamu na hesabu, tukifika kiwango cha kati, tunaitupa lugha yetu kando kana kwamba ni viatu vya shule ya msingi. Na kiwango cha kati ndipo lugha inapoanza kuuma.

BASI TUFANYE NINI?

Moja. Kwako unayejifunza: chana orodha. Kwa kila muundo mpya usiandike neno la Kiswahili, andika sentensi. Tena iwe sentensi ambayo ungemwambia mama yako jikoni naye akakuelewa bila maelezo. Ukishindwa kuitunga, ujue hujauelewa muundo, hata kama umepata alama zote kwenye zoezi.

Mbili. Kwako unayefundisha, awe mwanafunzi mmoja au ishirini: usiandike ubaoni "ue de = baada ya". Andika ato de upande mmoja na ue de upande wa pili, halafu waulize wanafunzi: mvua inaingia wapi? Chumvi inaingia wapi? Dakika tano zinatosha.

Tatu. Kwenu mnaotengeneza programu za kufundishia lugha, wenzangu. Tunapenda jedwali lenye safu mbili, neno huku na maana kule, kwa sababu ni rahisi kulihifadhi. Najua, nami nimelitengeneza. Lakini ile safu ya pili ndiyo iliyonifutia faili 212. Tupeni safu ya tatu ya mfano, na ya nne ya kosa, yaani "hivi haisemwi". Na sehemu ya Kiswahili iandikwe na mtu aliyeitazama sentensi ya Kijapani yenyewe. Asipewe ile ya Kiingereza kisha aambiwe "weka kwa Kiswahili".

Mimi nimeanza. Daftari jipya lina miundo kumi na minne mpaka sasa, yote kwa sentensi za jikoni, za matatu na za barazani. Rafiki yangu yule ndiye anayenisahihisha. Ndiyo, bado tunazungumza, na sasa anajifunza Kijapani naye, kwa sababu, asema, hataki tena kumtegemea mtu anayesoma nukta mkato mahali pasipo na nukta mkato.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aandike hapo chini, mlango uko wazi. Ila naomba jambo moja: soma kwanza, ndipo unitukane.